Nani Ameshayanywa?

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na ningefurahi sana kuisahau. Nisingeisimulia, ila vijana wa chumba changu cha mbele wamenichosha.

Wako watano, na kiongozi wao ni Neema, mjukuu wangu. Niliwapa chumba hapa nyumbani Nzuguni watengeneze mfumo wao wa mtandaoni wa kusimamia miradi. Mhandisi akiwa mjini na mafundi wakiwa porini, kila mmoja anafungua simu anaona kazi ipi imeanza, ipi imekwama, ipi imekamilika. Ni kitu kizuri, sikatai. Kila asubuhi wana kikao cha kusimama, eti wakisimama kitakwisha upesi. Wanasimama saa nzima! Mimi nimeshafua, nimeanika, nimechambua mchicha, wao bado wamesimama.

Mteja wao wa kwanza ni mkandarasi anayepeleka maji kijiji kimoja huko mbele ya Buigiri. Juzi Neema akanionyesha kioo cha kompyuta, kijani kitupu toka juu hadi chini.

"Bibi, ona. Kazi zote zimekamilika. Jumatatu wanakijiji wanatangaziwa kwamba maji tayari."

"Nani ameshayanywa?"

"Kunywa? Bibi jamani, hiyo haimo kwenye mfumo. Fundi akimaliza anabonyeza hapa, panageuka kijani."

"Na nyie mmekwenda kuona?"

Wakatazamana, wakacheka. Mmoja akanieleza kwa adabu zote kwamba faida ya mfumo ndiyo hiyo, mtu hana haja ya kwenda. Nilikwenda kukaa jikoni na hasira zangu, hata chai ikanishinda.

Hasira hizo zina asili yake. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, karani wa mradi wa maji karibu na Kolo, kule Kondoa. Hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na ubao mweusi kwenye ukuta wa stoo, na chaki. Kazi ikikwisha, mimi nachora alama ya vema. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa na sharti moja lililotuudhi sote: bomba haliwekewi vema mpaka mwanamke wa pale pale anywe maji yake, na jina lake liandikwe ubaoni. Fundi aseme, mhandisi aseme, kwake ilikuwa bure. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo tulivyomsema akitupa kisogo.

Wiki moja akaenda msibani. Bomba la mwisho lilikuwa juu kilimani, mwendo wa saa nzima juani. Nikamuuliza fundi, naye anakunywa uji, "Kule juu tayari?" Akajibu, "Tayari, dada." Nikachora vema. Nafasi ya jina la mnywaji niliiacha wazi, nikajiambia nitaijaza baadaye. Ubao ulipendeza, nakwambia! Mwenyekiti wa kijiji akapita, akauona, akatangaza kwamba kesho asubuhi maji yanatoka.

Hujui uzito wa tangazo kama hilo wakati wa kiangazi. Wanawake wa pale walikuwa wakichota kwenye mashimo ya mchanga korongoni. Maji yanajichuja kidogo kidogo, na foleni unaiwahi alfajiri. Asubuhi ile waliiacha foleni, wakapanda kilimani na ndoo zao. Nami nilipanda nao, nimevaa gauni langu la kanisani. Fundi akafungua koki. Ikatoa upepo, basi. Kule bondeni kiungo kimoja cha bomba kilikuwa hakijafungwa. Fundi alidhani amekifunga mwenzake, mwenzake alidhani amekifunga fundi.

Mama mmoja, Mama Halima, alikuwa amemwacha mtoto nyumbani ana homa kali. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sasa nikampe nini?" Afadhali angenitukana.

Njia ya mwongo ni fupi. Mzee Ndahani alirudi asubuhi ile ile, akaukuta ubao, akapanda mlima na vumbi lake la safari. Hakupaza sauti. Alichukua ndoo ya Mama Halima, akanitwika.

"Nenda korongoni ukapange foleni. Nyuma kabisa. Ukipata, mpe mtoto kikombe cha kwanza kwa mkono wako. Halafu uje uniambie kilichokamilika."

Nilifika kwa Mama Halima jua la utosi. Jirani alikuwa amewaazima maji kidogo, yakaisha. Yule mtoto alikunywa kikombe kizima bila kupumzika, akaninyooshea tena. Nilirudi stoo nikaifuta ile vema kwa kiganja, nikilia.

Basi juzi niliinuka jikoni, nikaweka kikombe cha bati katikati ya kompyuta zao. Nikawaambia, kesho Jumamosi mnakwenda na hiki, la sivyo Jumatatu mtafute chumba kingine. Walinuna, lakini walikwenda. Saa saba mchana Neema akanipigia simu, hata shikamoo akaisahau.

"Bibi, kikombe kikavu."

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Tangazo limesimamishwa mpaka koki itoe maji. Sasa wanaongeza nafasi ya jina la mnywaji kwenye mfumo wao, na tangu asubuhi wamesimama wakibishania rangi yake. Mungu anipe subira.

Mwanangu, kazi haijaisha kwa sababu wewe umeichoka. Wa kusema imekwisha ni yule aliyekuwa akiisubiri, na huyo yuko mbali, yuko kilimani, hana muda wa kubonyeza. Mfuate ukamwone. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Na ukiulizwa, usione haya kusema "bado". Haya hiyo inaisha siku hiyo hiyo, hii yangu nimezeeka nayo.

Mungu aibariki mikono yako, akuongezee na miguu ya kwenda kuona. Na kila utakapochora vema, awepo mtu mwenye midomo iliyolowa, umwandike jina.