Siku Niliyoazima Mtoto wa Mama Mapasa

Hasira haijaniisha, lakini aibu ni yangu, acha niiseme mwenyewe kabla majirani hawajaiongezea chumvi.

Mtoto wangu Neema alikuwa amekonda, na hapa Uvira shirika fulani likatangaza siku moja tu ya kuandikisha watoto wa kupewa unga wa uji. Karatasi ikaja kwa Kiingereza. (Kiingereza, sisi watu wa Kifaransa! Anayekuandikia lugha usiyoijua anaficha kitu.) Shemeji yangu Deo, aliyesoma kidogo Kampala, akanisomea: "Shemeji, wanasema mama *should* aje na mtoto. Hawakuandika *must*. *Must* ndiyo lazima, hii ni shauri tu." Kama si lazima, mtoto wanamtakia nini? Nikajua hapohapo: wanataka kumpiga Neema picha wakaiuze! Nikamwacha kwa mama mkwe, nikaenda na karatasi yake ya kuzaliwa.

Kufika, kila mama ana mtoto mgongoni. Jirani yangu Mama Mapasa, mwenye pacha, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, akanicheka: "Weye! Barua zao ziko na adabu. Ile *should* ni *must* yenye kuvaa kravati shingoni! Kamata huyu wangu mmoja, utamurudisha." Nikamfunga mgongoni bila kumchungulia, foleni ikasogea, nikafika kwenye mizani.

Dada wa kupima akasoma: "Neema, msichana." Akafungua kitambaa. "Mama, Neema yako iko na kidude!"

Na miye, badala ya kuomba msamaha, nikajibu: "Imeota leo asubuhi."

Mtoto naye akakojoa, juu kabisa, mpaka kwenye daftari, na uwanja wote ukalipuka kwa kicheko, Mama Mapasa wa kwanza. (Mpaka leo nashuku alinipa wa kiume makusudi.)

Dada akapangusa daftari. "Ingekuwa vizuri urudi na Neema mbele ya saa sita."

"Ingekuwa vizuri, ao lazima?"

Akatazama saa yake ya mkono. "Ingekuwa vizuri, mama."

Nikamrudishia Mama Mapasa mtoto wake, nikavua viatu nikakimbia. Neema alipimwa wakiwa wanakunja meza, unga tukapata, na nimeapa: mtu wa ofisi akiniambia kwa upole, ndipo nitakimbia zaidi.

Jana Deo alikuja na njaa. "Shemeji, ingefaa unipakulie."

Nikafunika sufuria. "Hiyo ni shauri tu."