Sauti ya Pili Haikukosea

Mtu akiniambia kwamba muziki wa mtunzi fulani unahitaji muda kueleweka, siku hizi namuuliza ni muda wa nani. Mama yangu alitoa wake wa msimu mzima wa mvua kwa wimbo wa mtunzi mmoja, na mtunzi huyo hakumrudishia hata sentensi.

Ni mtu wa kwetu. Alizaliwa Chawia, akapata ufadhili, akaenda Ulaya, akabaki huko akitunga muziki wenye majina marefu unaopigwa mara moja na kusahaulika. Hapa Voi anaitwa Daktari. Karibu hakuna aliyewahi kusikia kazi zake, jambo ambalo limemlindia sana heshima. Mimi nilizisikia. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani bila kazi, nikazitafuta mtandaoni. Kuna moja inayodai kueleza vumbi la Ndara kwa fidla nne na kipande cha bati. Niliisikiliza mpaka mwisho nikingoja ianze. Ng'ombe wa Ndara wakienda kunywa maji wana mpangilio kuliko ule.

Alipotangaza kwamba anakuja kufanya ibada ya shukrani, wazee wa kanisa letu walimwomba wimbo. Akatuma kurasa za noti za mistari mitano. Kwaya yetu, kama kwaya nyingi za huku, husoma sol-fa, do re mi zilizoandikwa kwa herufi. Mama, mwalimu wa kwaya tangu nikiwa mtoto, akanipa nizigeuze ziwe sol-fa, kwa kuwa noti nilijifunza shule ya upili. Nilipofika katikati nilidhani macho yangu yana shida. Sauti ya kwanza na sauti ya pili zilikuwa zimewekwa kwenye noti mbili zinazogusana, zile ukizibonyeza pamoja kwenye kinanda mtu anageuka kuuliza kumetokea nini. Tena zishikiliwe hivyo huku wanaume wamenyamaza. Nikamwandikia kumuuliza. Akajibu: "Msuguano huo ndio wimbo."

Kwaya haikukubali. Si kwa ukaidi. Masikio yao yalikataa. Wanawake wa sauti ya pili wamezoea kutafuta mahali pazuri chini ya sauti ya kwanza, na kila walipofika pale waliteleza chini, wakatulia, wimbo ukawa mtamu.

"Si hapo," Mama aliwaambia. "Panda."

"Nikipanda, huyu wa sauti ya kwanza ananikalia kichwani," alisema mama mmoja muuza mboga.

"Mwache akukalie."

"Mwalimu, na huyu Daktari ana uhakika hakuwa anaumwa alipoandika?"

Mzee mmoja wa reli, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya anayeimba sauti ya nne, akasema, "Gombaneni taratibu. Sisi tumepewa likizo."

Daktari mwenyewe alifika mapema akaja mazoezini pamoja na wazee wawili wa kanisa. Akasikiliza, akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha, mbele ya kwaya nzima, alisema sol-fa ni fimbo ya kutembelea, na kwamba ikiwa mwalimu hawezi kuwafikisha penye wimbo, kanisa litafute anayesoma noti. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wao ambao hawasomi hata sol-fa. Kwaya ndiyo kitu pekee katika kanisa lile ambacho Mama aliwahi kuachiwa aamue. Alirudi nyumbani hakula.

Tangu siku hiyo akawatenganisha. Sauti ya kwanza walifanya mazoezi kanisani, sauti ya pili kwenye darasa la chekechea, mlango umefungwa. Nilimwambia ni wazimu.

"Watu wakisikilizana wanapatana," alisema. "Yeye hataki wapatane."

Siku ya ibada, jamaa za Daktari walishuka kutoka Chawia wamejaa basi. Wimbo ukaanza vizuri. Ulipofika pale, wanawake wakasikia kwa mara ya kwanza walichokuwa wakitengeneza. Muuza mboga alitoa macho. Mama alikunja ngumi kifuani, akaishikilia hapo, na wao wakashikilia. Watoto walicheka. Kijana wa vipaza sauti alikimbilia mitambo yake. Mimi nilikuwa na kurasa mkononi: hakuna noti iliyokosewa. Sisemi ilikuwa nzuri. Ilikuwa mbaya kabisa kama ilivyoandikwa.

Baada ya ibada, kwenye meza ya chakula, mwenyekiti wa wazee alimwambia Mama, "Leo umetuaibisha mbele ya mgeni."

"Muulizeni mwenye wimbo," Mama akasema.

Wakamgeukia. Daktari aliweka chini mfupa wa kuku, akafuta vidole. "Kwaya imejitahidi sana," akasema.

Kila mtu alielewa maneno hayo maana yake nini. Nilimfuata mpaka kwenye gari.

"Daktari, waambie ndivyo ulivyoandika."

"Kijana, nikianza kueleza kazi yangu sitamaliza leo."

"Si kazi yako ninayokuomba uieleze. Mtetee tu mwalimu wa kwaya."

"Sanaa haijitetei," akasema, akapanda. Ndani, shangazi zake walikuwa wakimpa pole kwa jinsi wimbo wake ulivyoharibiwa, naye alikuwa akizipokea.

Jumapili iliyofuata ilitangazwa kwamba Mama atapumzika. Nafasi yake alipewa kijana mwenye kinanda kinachojipigia ngoma.

Miezi ikapita, ukaja ujumbe wa Daktari kwenye simu yangu, nimsomee Mama. Rekodi ya siku ile aliwachezea watu wake kule Ulaya. Walisimama kupiga makofi. Sauti ya pili, aliandika, ilikuwa na ujasiri ambao hajausikia kwa waimbaji wa kulipwa. Ana wimbo mwingine, na angependa kwaya ileile, mwalimu yuleyule.

Mama alikuwa akichagua maharagwe ya kutoka Njukini kwenye ungo. Aliendelea kuchagua mpaka nikamaliza kusoma.

"Wazee amewaandikia pia?"

"Hapana. Ni sisi tu."

Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mwambie kwamba mwalimu wa kwaya siku hizi ni mwingine. Mpe namba yake."

Nilimpa namba. Kijana yule wa kinanda hasomi noti wala sol-fa, na hilo sikuliandika.