Siku Kompyuta Ilipoisomea Kamati Maneno Yangu

Kosa ni langu mwenyewe. Wengine hapa Kibwezi bado wanasema mashine ilikuwa imeharibika, na mimi nimewaacha waamini hivyo. Haikuharibika. Ilisoma kile nilichoandika, neno kwa neno.

Mimi ni kipofu tangu utotoni. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kikundi cha wakulima wanaonyunyizia karela, ile mboga chungu ya Wahindi, na bilinganya maji ya mto. Kikundi kilininunulia kompyuta ndogo ya mtumba, bei rahisi kwa sababu kioo chake kilikuwa kimekufa. Mimi kioo cha nini? Ilikuja na kisanduku kinachosoma kwa sauti kila ninachoandika, ingawa Kiswahili ilikisoma kama mzungu aliyeshuka jana. Nilikuwa naisikiliza kwa vile vidude vya masikioni.

Sasa fikiria, rafiki yangu. Unaandika mbele ya watu kumi na hakuna hata mmoja anayeweza kuchungulia. Shetani alinipatia hapo.

Kwa mikutano ya kamati niliandika kumbukumbu za maana, halafu chini yake naweka zangu. "Mama Ndinda amelala, lakini kila hoja anasema ndiyo." "Mzee Nzioki ameongea nusu saa juu ya bomba moja. Akikohoa ni kama mbuzi amekwama kwa ua." Wakienda zao, nilijisomea nikicheka mpaka machozi.

Huyo Mzee Nzioki ndiye alikuwa mwenyekiti, tena jirani yangu. Kila asubuhi alinishika mkono tukaenda ofisini, akinieleza yote yaliyoko njiani: ng'ombe wa nani ameingia kwa maharagwe ya nani, lori gani limelala kwa mtaro barabara ya Mombasa, nani anajenga choo kipya.

Siku moja, katikati ya mkutano, nilikuwa najisomea utundu wangu. Mama Ndinda akapita na chai, leso yake ikanasa waya wa vile vidude vya masikioni, waya ukachomoka. Sauti ikatoka kwa kisanduku, kubwa: "Mama Ndinda amelala."

"Mimi nimelala?" akauliza, birika bado mkononi.

Watu wakaangua kicheko. Nikapapasa kitufe cha kunyamazisha, nikakosa, nikabonyeza cha kurudia. Ikamsoma tena. Halafu ikaendelea hadi kwa mbuzi.

Hapo hakuna aliyecheka.

Mzee Nzioki alitaka kukohoa, nikamsikia akijizuia. "Karani," akasema, "sasa tusomee zile za mkutano."

Nikasoma. Sijui nilisoma nini.

Kesho yake alikuja kunichukua kama kawaida. Tulitembea mpaka ofisini bila neno. Kesho kutwa vilevile. Wiki mbili nilipita kwa barabara isiyo na ng'ombe, isiyo na lori, isiyo na watu.

Mwishowe nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Nilikusamehe siku ile ile, mwanangu," akasema. "Ni vile tu sikujua naongea sana. Sasa naona haya kuanza."

Nilimsihi aanze. Akaanza pole pole, lakini kila baada ya maneno machache aliniuliza kama amenichosha. Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo.

Wewe unayeandika vichekesho juu ya watu mahali hawaoni, usingoje waya uchomoke. Futa leo. Mtu anaweza kukusamehe kabisa, na bado asirudi kuongea na wewe kama zamani.