Mkono wa Mtu wa Gunia

Idrisi bin Suleiman alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumtazama mtu bila kumchukua sauti na mwendo. Alizaliwa Majengo, mjini Embu, nyuma ya bucha ya baba yake, na alipoanza kusimama mezani kupima nyama, wateja walianza kujiona ndani yake. Mama aliyenusa kila kipande kabla ya kulipa alijiona. Karani aliyetaka matumbo lakini akaona haya kuonekana ameyabeba, naye alijiona. Mzee Suleiman alifoka, "Wewe! Nimekuambia uuze nyama, hujaambiwa uuze watu!" Lakini watu walikuja, wakacheka, wakanunua, na mzee mwenyewe alikuwa akijificha nyuma ya ng'ombe aliyetundikwa ili asionekane anacheka.

Mwenzake katika kazi ya kuchekesha alikuwa Njagi, fundi cherehani kutoka Runyenjes, mtu mrefu mwenye uso mrefu zaidi. Njagi hakuchekesha hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alisimama tu. Idrisi alimzunguka akimuuliza maswali ya kipumbavu, naye Njagi akajibu moja moja, kwa upole, kama mtu anayejibu polisi, na watu wakalia machozi. Siku za soko waliigiza Embu, Runyenjes, Chuka, mpaka Kanyakine. Hapakuwa na mtu wa sehemu hizo asiyeujua ule uso.

Basi ukaja mwaka wa hamsini na nne, Hali ya Hatari imepamba moto, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na asubuhi moja askari wakauzingira mji wa Embu na kuwasukuma wanaume wote uwanjani. Waislamu wa Majengo waliambiwa wasimame kando, askari hawakuwa na shida nao siku hiyo. Waembu walipangwa foleni. Mbele, karibu na meza ya afisa, alisimama mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi kiunoni, tundu mbili za macho, basi. Kila mtu alipita mbele yake. Gunia likitulia, unakwenda nyumbani. Gunia likitikisa kichwa, unapanda lori.

Idrisi alisimama kando, hana la kufanya, akafanya analolifanya siku zote. Alimtazama mtu wa gunia. Na akaona kwamba kila alipotaka kutikisa kichwa, kwanza alijipangusa kiganja cha kulia pajani, mara mbili, kwa nguvu. Pa, pa. Kisha kichwa.

Njagi akafika mbele. Pa, pa.

Njagi aligeuka kumtafuta mwenzake kwa macho, na uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, mrefu, mpole, usioelewa kitu. Na watu wengine kwenye ile foleni, Mungu awasamehe, walicheka kwa mazoea.

Njagi alikufa kambini, kizuizini, mwezi wa nane. Barua ilisema homa ya tumbo. Idrisi alimpelekea habari mama wa Njagi, Igoki, ambaye wakati huo alikuwa amehamishwa pamoja na wenzake hadi kijiji kilichozungushiwa mtaro. Igoki hakulia mbele yake. Alimuuliza kitu kimoja tu: "Ni nani?"

"Sijui, mama. Alikuwa na gunia. Lakini mwendo wa mwili wake ninao kichwani. Nitamtafuta, na nikimpata, jina lake utalisikia wewe wa kwanza. Naapa."

Ile ahadi ishike vizuri, wewe unayesikiliza, maana yeye hakuishika.

Alianza kumtafuta kwa njia aliyoijua. Nyuma ya bucha alisimama akijipangusa paja, pa, pa, akijiuliza ni kazi gani inayompa mtu tabia hii. Mchinjaji hujipangusa kwenye aproni, mara moja, amemaliza. Mkulima hupiga kiganja kwa kiganja. Hakupata jibu, kwa hiyo akautia ule mkono katika michezo yake. Alijitungia mtu mjinga anayekubali kila anachoambiwa, na kila anapokubali anajipiga pajani mara mbili na kutikisa kichwa. Watu walikufa kwa kicheko. Idrisi hakuwatazama waliocheka. Alimtafuta atakayenyamaza.

Embu, hakumwona. Chuka, hakumwona. Mwaka wa hamsini na sita akaenda Runyenjes, siku ya soko. Akajipiga, pa, pa, watu wakacheka, halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja, viwili, kisha soko zima, kutazama upande wa mashine ya posho. Mlangoni alisimama mwenye mashine, mweupe kwa unga mpaka kope, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaondoka kwenda pajani ukakwama njiani. Aliitwa Kivuti.

Kumbe ni unga! Mtu anayeshinda na unga viganjani, atafanya nini zaidi ya kujipangusa?

Idrisi alimtaka. Nasema alimtaka kama mwenye njaa anavyotaka chakula, mpaka mate yakamjaa mdomoni. Alikuwa mtoto wa bucha na alijua kisu kinapoingia. Lakini Kivuti alikuwa mtu wa chifu, homgadi, wale walinzi wa chifu wenye bunduki, walikunywa chai kwake, na tena, Idrisi alijiambia, kisu ni cha mara moja tu. "Huyu simuui mara moja," alisema peke yake njiani akirudi. "Huyu atakufa kila siku ya soko."

Na Igoki? Angemwambia kesho. Kesho ikafika, akasema, akilijua jina mama huyu atalipigia kelele kijiji kizima, watamfunga, afadhali nimhifadhi. Maneno mazuri. Ukweli ni kwamba tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuchekwa vile alivyochekwa kwa ule mkono, na hakutaka mtu yeyote auguse.

Mwaka uliofuata akaja Mzungu na kamera kutengeneza filamu ya serikali ya kufundisha watu kuchimba matuta. Walihitaji mjinga anayekataa kuchimba, kisha anakubali. Nani tena? Idrisi alijipiga pajani, pa, pa, na Mzungu alicheka mpaka akavua miwani. "Tena!" alisema. "Tena, bwana!" Ile filamu ikapakiwa kwenye gari la sinema, ikapelekwa Runyenjes, Chuka, Kanyakine, uwanja wa Kinoru kule Meru, ikapanda hadi Laare kwa wakulima wa miraa. Lo! Serikali ileile iliyomvika Kivuti gunia ikamvua na kumtembeza kwa petroli yake yenyewe.

Wateja walipompa Kivuti mahindi walijipiga pajani. Alipowarudishia unga wakajipiga tena. Hakuna aliyesema neno, nani angethubutu? Walicheka tu. Kivuti akauficha mkono mfukoni, mfuko ukajaa unga. Akafunga mashine, akahamia Kanyakine ambako hajulikani. Gari la sinema likaja. Akahamia Laare. Likaja na huko. Idrisi alikuwa akimngoja dereva wa gari hilo kila aliporudi Embu, anampa maini ya bure, anamuuliza, "Laare je? Walicheka?"

"Walicheka mpaka wengine wakakaa chini."

"Na wewe ulimwona mtu mmoja hivi, anaondoka?"

"Yupo mmoja aliondoka."

Siku hiyo Idrisi alikula akashiba.

Ikabaki redio. Mwaka wa hamsini na nane walimwita Nairobi, kipindi cha Jumamosi saa kumi jioni. Bwana Abdulatif, mkubwa wa kipindi, alimtazama kwa mashaka. "Idrisi, wewe unachekesha kwa mwili. Redio haina macho. Utafanya nini?" Idrisi alisogea karibu na maikrofoni, akajipiga pajani. Pa, pa. Abdulatif alishika meza kwa kicheko, na mambo yakaisha.

Igoki alinunuliwa redio ya betri na Idrisi mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, vichekesho vingine vilimpita, lakini ule mkono haukumpita. "Ile pa-pa yako, mwanangu," alimwambia, "ndiyo inayonifanya nisahau kidogo." Idrisi aliinama akajifanya anatazama betri.

Mwaka wa hamsini na tisa Kivuti alikuja buchani. Alikuwa amekonda, shingo imebaki na mishipa. Alisubiri wateja waishe.

"Idrisi, niachie."

"Nikuachie nini? Mimi nimewahi kutaja jina lako?"

"Walitaka watu kumi kabla ya saa sita," Kivuti alisema. "Nilikuwa na tisa. Sikuwa na chuki naye, haki ya Mungu. Kila aliyepita nilimwona mgeni, halafu akaja yeye. Uso wake ndio niliokuwa naujua. Nilikuwa nimeucheka sana."

Idrisi aliweka kisu chini taratibu, maana mkono ulikuwa umeanza kufikiria peke yake. "Jumamosi saa kumi," alisema. "Usikose kusikiliza." Na Kivuti alipotoka ameinama, Idrisi alisikia utamu, nisikufiche, utamu mtupu, mpaka kwenye vidole.

Siku mbili baadaye Igoki alimwita. Alimkuta ameketi mlangoni, redio iko chini, betri imetolewa.

"Kivuti amekuja hapa," alisema. "Alisimama hapo uliposimama. Kabla ya kusema neno alijipiga pajani, pa, pa. Mimi nikacheka. Nikamwambia, lo, hata wewe unamwigiza mwanangu Idrisi! Nikaita majirani waje waone anavyofanya vizuri. Tulicheka, Idrisi. Alingoja tukamaliza kucheka, ndipo akaniambia."

Idrisi alichuchumaa mbele yake.

"Ulijua lini?"

"Mwaka wa hamsini na sita, mama."

"Miaka mitatu. Umenichekesha miaka mitatu kwa mkono uliompandisha mwanangu lori."

"Nilikuwa namlipizia, mama! Hana pa kuishi, kila mahali wanamcheka—"

"Unamlipizia nani? Hao wa Laare wanamjua Njagi? Wewe ulikuwa unakula vicheko vyao." Hakupandisha sauti. "Uliniahidi jina. Nimelipata kwa muuaji, kwa mdomo wake. Yeye amekuwa mwanamume kukushinda wewe. Sasa nenda. Wote uliowachekesha, uwaambie walikuwa wanacheka nini."

Idrisi alielewa anachoombwa. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Kumtaja mtu wa gunia kwenye redio ya serikali ni kujichinja mwenyewe. Ukibahatika unarudi kukata nyama, usipobahatika unapanda lori. Lakini kilichomuuma barabarani mpaka Nairobi hakikuwa hicho. Ilikuwa aibu ya kuambiwa na mama wa Njagi kwamba Kivuti ni mwanamume.

Jumamosi saa kumi alikaa mbele ya maikrofoni, akajipiga pajani. Pa, pa. Nyuma ya kioo walikuwa wameshaanza kucheka.

"Mkono huu si wangu," alisema. "Ni wa Kivuti, mwenye mashine ya posho, Runyenjes. Alivaa gunia pale Embu, akajipangusa hivi, akatikisa kichwa." Nyuma ya kioo walicheka zaidi. "Njagi wa Igoki akapelekwa kambini, akafa. Alikuwa mwenzangu. Nami nilijua miaka mitatu, nikawachekesha."

Abdulatif ndiye aliyekata, akaweka wimbo. Hakumkemea. Alimfungulia mlango tu, na Idrisi hakuingia studio tena maisha yake yote. Filamu ilirudishwa Nairobi ikafungiwa. Polisi walimweka wiki tatu, wakamwachia, na alizeekea kwenye bucha ya baba yake akipima nyama bila kumwigiza mtu.

Igoki alikuwa amerudisha betri. Alisikiliza mpaka wimbo ulipoanza, akazima, akatoka nje. Majirani wenye redio walikuwa wamesimama milangoni pao.

Siku ya soko iliyofuata Kivuti, aliyekuwa amerudi kwao, alipita katikati ya Runyenjes. Alipofika penye watu wengi mkono wake ukafanya ulivyozoea, pa, pa, naye akainamisha kichwa kungoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Soko zima lilimtazama tu, na Kivuti akaanza kukimbia.