Mfugaji wa Bunia alijibu maswali yangu yote sawasawa, kumbe nyuma ya nyumba ngombe iliyokufa inangojea sufuria

Wakuu, jambo zenu wote. Hii nimeiona na macho yangu. Chumvi nikiongeza, ni ya kuonjesha tu.

Ilikuwa wakati wa vita ya Ituri, huku kwetu Congo. Watu walikimbia vijiji na mifugo yao, wakajaa pembeni ya Bunia. Mtu, mbuzi, ngombe, wote usingizi mumoja. Ukipiga chafya, mbuzi anakuambia pole.

Miye nilikuwa nimetoka kupata diplome ya masomo ya jioni, kichwa kimevimba kama puto. Munganga mumoja wa mifugo akanipa kazi: pita kwa wafugaji, uliza wanajua nini juu ya magonjwa ya mifugo yanayoshika watu, na wanayazuia namna gani.

Nikafika kwa Papa Bahati, mukimbizi kutoka Djugu.

"Ngombe ikikufa yenyewe, munafanya nini?"

"Hatupasue, hatukule! Tunachimba shimo murefu, tunazika, tunaita munganga."

Vraiment, kweli kabisa! Nikampa alama zote, karibu nimpe na diplome yangu.

Ndipo bibi yake, mama ya watoto wake, akatokea nyuma ya nyumba, kisu mukononi.

"Papa Bahati, maji inachemuka. Mugeni atakula maini ao figo?"

Nikakimbia nyuma. Ngombe iko chini, imekufa ghafula asubuhi ile, damu nyeusi inatoka puani. Bado haijapasuliwa. Majirani wamejipanga na mabeseni, mustari unafika Uganda.

Wakuu, ile ni sura ya kimeta, siye tunaita charbon. Nyama ile inaweza kuua mutu.

"Papa, si umenijibu sasa hivi?"

"Uliniuliza najua nini, nikakuambia. Lakini hawa watu walinipa kiwanja, walinipa muhogo, watoto wangu walilala kwao. Kwetu ngombe ikianguka, kila nyumba inapata kipande. Nikiizika leo, nitawaangalia na macho gani?"

 Nikageukia ule mustari, nikapaza sauti: ngombe hii ni mugonjwa, atakayeipasua atashikwa wa kwanza!



Mbele ya mustari alisimama Mama Zawadi, jirani aliyempa Papa Bahati kile kiwanja.

"Ee Papa! Unataka kutushukuru ao kutuzika?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha akapindua beseni lake.

"Siye tulipokea weye. Hatukupokea ngombe. Leta jembe!"

Mabeseni yakabeba udongo. Papa Bahati alichimba mpaka nikaogopa atatokea upande mwingine wa dunia. Tukafunga mikono na sachet za plastiki, tukaivuta ngombe na kamba, tukafukia.

Ile maji iliyokuwa inachemuka, tukapikia maharagwe. Mama Zawadi akamupakulia Papa Bahati kabla ya wote.

Nilichojifunza: mtu anaweza kujua yote na bado aibu ikamshinda. Tangu siku ile, nikimaliza kumuuliza mfugaji, nawauliza na majirani zake.

Sasa nyinyi munaofuga, kwenu ngombe ikianguka yenyewe, nani anathubutu kusema "tusikule"? Mwageni majibu hapa, hata matusi nasoma.