Taa ya Mchana Juu ya Mweru

Injini ya mtumbwi ya kaka yangu tuliifunga kwenye pipa la maji uani kwetu, Lubumbashi, ikanguruma hadi majirani wakanitukana. Sikuwajali. Macho yangu yalikuwa kwenye voltimita: kumi na nne, kumi na tano, kumi na saba. Batri ikatokota, ikanuka mayai viza. Injini zile za zamani hazikuwa na kifaa cha kuzuia umeme usizidi; ukiongeza mwendo, nao unaongezeka. Na kaka, kwa bega lake bovu, hakuweza kuvuta kamba ya kuwashia; aliiwasha kwa batri. Batri ikifa katikati ya ziwa, angebaki hukohuko.

Nikaunganisha taa ya lori ili inywe umeme uliozidi. Sindano ikashuka hadi kumi na nne, ikatulia.

"Yaya, usiizime kama injini inakimbia," nilimwambia kaka. "Hata muchana."

Mama, mzaliwa wa Pweto, kando ya ziwa Mweru, aliacha kuchekecha unga. "Taa ya muchana juu ya maji? Munatafuta nani?"

Kwao, taa ya mchana huwashwa na wanaomtafuta aliyezama. Wakimpata, wanaizima.

"Tunatafuta samaki, mama," kaka alisema huku akicheka. Mimi nilikasirika. Volti na wafu wapi na wapi?

Nilikwenda naye Pweto kuijaribu. Saa sita, jua kali, tulikuwa tunarudi ufukweni, taa ikiwaka mbele yetu. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Kisha nikaona mitumbwi inatupisha. Hakuna aliyetusalimu. Wavuvi walivua kofia, wakaacha nyavu, wakasimama wakitutazama.

Kaka akanyoosha mkono, akaizima.

"Yaya, washa!" Sindano ilikuwa inapanda. Lakini mvuvi mmoja alikwisha kupaza sauti: "Bamemupata!" Na huko ufukweni wanawake wakaanza kulia.

Tulipofika, mikeka ilikuwa imetandikwa. Mwanamume wa makamo aliingia majini hadi magotini, shuka jeupe mikononi, akachungulia ndani ya mtumbwi.

"Citoyen," alimwita kaka, "muko naye wapi?"

"Hakuna muntu," kaka alisema. "Iko taa ya batri tu."

Nikaeleza mambo ya umeme. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akalikunja shuka na kuliweka chini ya kiti cha kaka.

"Tuliisha kulia," alisema. "Shuka haiwezi kurudi ku nyumba bila mwenyewe."

Kesho yake tulitoka tena. Hakuna kati yetu aliyethubutu kulitupa lile shuka. Katikati ya ziwa kaka alizima injini ili tununue samaki kwa wavuvi, lakini mitumbwi yao ilikwisha kutukimbia. Taa bado iliwaka.

"Yaya, injini imesimama. Zima taa, itamaliza batri."

Nikanyoosha mkono mwenyewe, naye akaifunika swichi kwa kiganja.

"Ukizima," alisema, "ni kusema mumenipata."

Niliogopa kumtazama usoni, nikatazama sindano. Ilikuwa inashuka, na taa ikaanza kuwa nyekundu.