Cornel Hakutungua Ndege

Mama Noela wa Rwamgasa hajui kunong'ona. Jina lake ni Nyamizi, lakini tangu amzae binti yake wa kwanza, wanaothubutu kulitumia ni wachache. Huwapikia wachimbaji ugali na dagaa, na mwenye nyodo huondoka bandani kwake na njaa yake. Nyuma ya banda, pembeni mwa shamba alilorithi, kuna uzio wa minyaa, na ndani ya uzio umesimama mkia wa ndege ya kivita, rangi imebanduka, kutu imeingia kwenye misumari.

Kila mwaka pamba ikishavunwa, Nyamizi huufuta mkia ule kwa kitambaa cha maji, humwaga togwa chini, kisha huwataja wafu wa ukoo wake mmoja mmoja. Wa mwisho humtaja Cornel. Wazee wa ukoo walimgombeza sana kwa hilo. Mtu wa watu hatambikiwi kwenye masamva, mizimu ya ukoo wako, walisema, ana mizimu ya kwao. Nyamizi akawajibu kwamba kwao hakujui, lakini damu yake ilipomwagika anapajua. Walichoka wao, yeye hakuchoka.

Mwaka wa vita vya Kagera alikuwa msichana mdogo, amekwenda na mama yake kuuza pamba gulioni. Ndege ikaja inafuka moshi, imeshuka mno, pua yake imewaelekea wao. Watu walijitupa juu ya marobota. Dakika ya mwisho ile ndege ikapinda, ikaenda kuanguka shambani kwa baba yake, na angani haukuonekana hata mwavuli mmoja wa kurukia. Jeshi lilikuja likachukua mwili na vyuma. Mkia uliorukia vichakani ulisahaulika. Jina la rubani, Cornel, baba yake alikuwa amelisoma kifuani mwa nguo ya marehemu.

Nyamizi alipokua aliolewa na Marselino, manju wa ngoma wa upande wa Wagalu, mwanamume mwenye sauti ya kuita mvua na ulimi usio na breki. Siku za mashindano, Wagalu na Wagika huchezea viwanja viwili vinavyotazamana, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Marselino alipoona watu wanakimbilia kwa Wagika, alimwimba rubani wa Rwamgasa aliyetungua ndege mbili za adui. Watu wakarudi. Mwaka uliofuata ndege zikawa tano, na Wagalu wakaondoka na fahali. Nyamizi alicheka mpaka akakaa chini, kwa maana alimpenda mume wake na uongo wake. Marselino amekwishakufa, lakini ndege zake tano bado zinatunguliwa. Watoto wanazihesabu kwa vidole.

Ndipo akaja Stanslaus, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Mwamba wenye dhahabu, alisema, unapita chini ya minyaa, na leseni ya kuchimba chini anayo yeye. Alipigilia vigingi kuzunguka uzio, akaahidi mkia utapelekwa kwa wanaoyeyusha vyuma na kusubu sufuria.

"Nitakuletea moja kubwa, Mama Noela. Ya kupikia shughuli."

"Nisonge ugali ndani ya marehemu? Kapikie wewe!"

Serikali ya kijiji ikaita mkutano. Davis, afisa utamaduni kutoka Geita, kijana mpole, alimvuta Nyamizi kando kabla haujaanza.

"Shikamoo, mama. Mimi niko upande wako. Sema tu mbele ya watu kwamba huyu alitungua ndege tano. Rubani wa namna hiyo ni bingwa, nitaomba pawe mahali pa kumbukumbu, na hakuna atakayechimba."

"Marahaba, mwanangu. Na kama hakutungua?"

"Si kila mtu anajua alitungua?"

Neno moja tu, na mkia ungebaki. Nyamizi alisimama mbele ya mkutano, khanga ameikaza kiunoni.

"Zile ndege tano ni za mume wangu," alisema. "Alizitungua uwanjani, akapewa fahali, nyama mkala. Cornel hakutungua hata njiwa."

Watu waliguna. Davis aliinamisha kichwa. Stanslaus alipiga makofi.

"Basi si shujaa! Kesho tunachimba."

"Kaa chini, sijamaliza! Alikuwa na mwavuli, angeweza kuruka. Angeruka, ile ndege ingetua juu yetu. Kuna aliyeua watu akaimbwa, na huyu aliyekataa kutuua mnataka nimzulie maiti ndipo apate heshima? Sizui! Aliyekuwa gulioni siku ile, au mzazi wake alikuwepo, asimame."

Walisimama wazee, kisha watoto wa wazee, mpaka mabenchi yakabaki matupu. Stanslaus alibaki amekaa.

"Na wewe simama," Nyamizi alimwambia. "Mama yako alikuwa kwenye foleni mbele yetu, na wewe uko tumboni."

Stanslaus hakusimama. Alichukua kofia yake akaondoka, na mwenyekiti akaufunga mkutano bila uamuzi.

Asubuhi Nyamizi hakungoja uamuzi wa mtu. Aling'oa vigingi kimoja kimoja mbele ya wachimbaji waliokuja na sululu zao, akavipasua, akavitia jikoni, akabandika sufuria yake ya siku zote. Hakuna aliyemgusa. Ugali ulikuwa unaiva Stanslaus alipotokea, peke yake.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umefuata kuni zako?"

Stanslaus aliutazama mkia kwa muda mrefu.

"Nilimuuliza mama. Anasema alilala kifudifudi juu ya robota, akaogopa ataniua kwa uzito. Huyo mtu alikuwa anaitwa nani?"

"Cornel," alisema Nyamizi. "Na hakutungua ndege hata moja. Nawa mikono, ukae ule."